Dawa za Wakubwa?

Hapa Gerezani lipo neno linaloniudhi: "Hizo ni dawa za wakubwa." Husemwa kila yanapotajwa matibabu mapya ya saratani, na wasemao hujiona wana hekima. Mimi naliita neno la kushindwa kabla ya kupigana.

Ndugu msomaji, kwanza tuelewane. Mwili una askari wake, chembe nyeupe za damu, na askari hao wamewekewa breki wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Saratani, kwa hila yake, huikanyaga breki hiyo. Askari wakasimama huku adui anakula. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani ndio waliofungua njia ya kutumia kingamwili za maabara kuzuia breki hiyo isikanyagwe, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Si muujiza. Wengi haiwafai, na fundi yeyote wa mtaani kwetu ajua hatari ya gari lisilo na breki: askari waliofunguliwa huweza kugeukia mapafu, ini au utumbo. Lakini wapo waliokwisha kukatiwa tamaa, nao wameishi miaka mingi.

Tatizo ni bei. Kule Marekani, pembrolizumabu ya mgonjwa mmoja hupita dola 150,000 kwa mwaka. Hapo ndipo wenzangu hukunja mikono. Wahindi hawakukunja. Madaktari wa Tata Memorial, Mumbai, waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo miligramu 20 tu za nivolumabu kila wiki tatu, chini ya moja ya kumi ya kipimo cha kawaida, pamoja na vidonge. Matokeo yalitoka mwaka 2022: waliopewa vidonge peke yake, asilimia 16 walikuwa hai baada ya mwaka, walioongezewa dawa hiyo, asilimia 43.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pembrolizumabu katika orodha ya dawa muhimu, ikiwemo kwa saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nani sasa athubutu kuiita anasa?

Wataniambia tuanze na chanjo. Naam, na ya wasichana tunayo tangu 2018. Lakini chanjo haimponyi mama aliyekwisha kuugua. Kumwambia kwamba wajukuu zake watasalimika si matibabu; ni kumzika mapema.

Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko kilomita chache kutoka hapa, nayo hupokea wagonjwa wa nchi nzima. Nadai mambo mawili: nchi za Afrika Mashariki zinunue dawa hizi kwa pamoja, na madaktari wetu wapewe fedha za kupima vipimo vidogo kwa wagonjwa wetu wenyewe.

Mteja wa Gerezani akitajiwa bei ya kwanza ya kipuri haondoki. Hukaa akabishana mpaka ishuke. Kwa roho za mama zetu, tunaondokaje kimya?