Chombo Alichokiacha Baba

Juma hili tumeuachia ukumbi wetu barua moja tu, kwa kuwa jambo lake lina haraka. Imetoka Sigowet, upande wa Kericho, kwa dada yetu mmoja mwalimu, mzaliwa wa visiwa vya Lamu aliyeolewa huko kwenye mashamba ya chai. Baba yake alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha nyumba, minazi kadhaa, na chombo kidogo cha tanga kilichopandishwa pwani chini ya mkungu na kukaa hapo miaka 12 bila ya kuguswa. Ndugu zake wa kiume wamepata mnunuzi anayetaka kukivunja, mbao zake azifanye meza na vitanda. Mnunuzi huyo atarudi mwisho wa mwezi. Dada yetu ametuletea picha sita alizotumiwa kwa simu, naye auliza: chombo hiki ni cha aina gani, chaweza kuponywa, na yeye aliye mbali ana kauli yoyote?

Tuanze na jina. Nyumbani kwao huitwa “dau la baba”, lakini jina hilo halitufikishi mbali, maana siku hizi wengi hukiita dau kila chombo chenye tanga. Wazee waliposema dau la Lamu walikusudia chombo kilichochongoka mbele na nyuma. Picha ya tatu yaonyesha tezi iliyokatwa bapa mfano wa ubao wa mlango. Basi dau silo. Ngalawa nayo si, kwani ngalawa huchongwa katika gogo moja, aghalabu la mwembe, ikafungwa marengu mawili ubavuni yaizuie isipinduke. Hiki kina mkuku, kina mataruma, na mbao zake zimepangwa moja juu ya moja.

Jirani mmoja amewaambia kuwa kwa ukongwe wake huenda ni mtepe. Tungefurahi sana lau ingekuwa hivyo! Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tena tanga lake lilikuwa la mkeka, nao ulikwisha kutoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Chombo cha dada yetu kina michirizi ya kutu iliyoshuka kutoka kila tundu la msumari. Kilichobaki ni mashua, mdogo wake jahazi. Na kwa kuwa gogo la omo limesimama karibu wima, wala halikulala mbele kama ilivyo katika majahazi ya Unguja, twaona kuwa imejengwa kwa mkono wa Lamu.

Hapo picha zimetufikisha kadiri ziwezavyo. Yaliyosalia yatafutwe nyumbani. Omo ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isikwanguliwe, maana chini ya rangi za juu huenda pana namba ya usajili au jina la chombo. Makaratasi ya marehemu yapekuliwe: leseni ya uvuvi, risiti ya mbao, hata daftari la madeni. Kisha aitwe fundi mzee. Mafundi wetu hawajengi kwa ramani ya karatasi; kipimo wanacho machoni, na kila mmoja ana namna yake ya kupinda taruma na kumaliza shetri. Mzee aliyekaa gatini maisha yake yote huenda akatazama mara moja akakutajieni aliyeijenga. Ndiyo sababu twasihi ipimwe kabla haijaguswa: urefu wa mkuku, upana wa tezi, kina cha katikati, na masafa baina ya taruma na taruma. Ramani ya mashua hii ni mashua yenyewe. Ikivunjwa, nayo imekwenda.

Sasa yaponyeka? Dada yetu ameingiwa na hofu kwa kuwa picha moja yaonyesha jua likipenya baina ya mbao. Hilo peke yake lisimtishe. Ubao uliokaa nchi kavu miaka 12 husinyaa, na ukirudi majini huvimba. Hatari iko kwingine. Maji ya chumvi huuhifadhi mti, lakini maji ya mvua yakituama ndani ya chombo huuoza. Basi mchanga na majani yaliyojaa ndani yaondolewe, kisha mtu achukue kisu chembamba achome pale maji yalipokuwa yakikaa: juu ya mkuku, miguuni mwa mataruma, na kwenye maungio ya tezi. Kisu kikigota, alhamdulillahi. Kikizama kama katika mkate, pana kazi. Kwa upande wa nje yatazamwe matundu madogo ya yule mdudu wa baharini atobozaye mbao, ambaye watu humdhani mnyoo ilhali ni katika jamaa ya chaza. Tundu la nje huwa dogo mno, na ndani ubao umeliwa kama sega la nyuki. Basi ubao ugongwe kwa nyundo, usikilizwe.

Kwa rai yetu, mkuku ndio hakimu. Mkuku ukiwa mzima, mataruma na mbao hubadilishwa moja moja hata chombo kikarudi. Mkuku ukiwa umeoza, ni afadhali kujenga mashua mpya kwa vipimo vya ile kongwe, na mbao zake zilizo nzima zitiwe humo.

Kazi yenyewe ina taratibu yake. Mashua iegemezwe sawasawa pande zote na kuezekewa kivuli cha makuti. Mataruma yasing'olewe yote kwa pamoja, kwani umbo litapotea; litolewe moja, litiwe jingine mahali pake, ndipo liguswe la pili. Mataruma hutakiwa mti uliojipinda wenyewe, kama mkomafi, na mikoko haikatwi bila ya kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kwa mbao, mvule na mbambakofi zasifiwa sana, ingawa bei yake yatia uchungu. Misumari hufungwa pamba iliyochovywa mafuta, na tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, ubao usije ukapasuka.

Kisha kalafati, na hapa ndipo wengi wenye haraka huharibu. Mwenye kushindilia pamba kwa nguvu zake zote katika nyufa za ubao mkavu hufurahi siku ile. Chombo kikitiwa majini mbao huvimba, zikakosa pa kwenda, zikasukumana hata misumari ikang'oka. Pamba iingizwe kwa chembeu kwa kiasi, mbao zipakwe sifa, na chini ipakwe deheni ya chokaa na shahamu. Wakati wa bamvua mashua ishushwe, iachwe inywe maji siku kadhaa. Itavuja, nanyi msishtuke.

Mume wa dada yetu, ambaye ni mwenyeji wa huko, ametia neno lake: kwa kuwa Sigowet yateremkia uwanda wa Kano, na Kisumu haiko mbali, kwa nini mashua isipelekwe ziwani, mke wake awe karibu nayo? Shauri hilo lina asili. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Songoro alijenga chombo cha namna ya pwani huko Ukerewe. Na mwaka 2021 Flipflopi, ile dau iliyojengwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, ilisafiri katika Ziwa Victoria. Huko ziwani hakuna yule mdudu wa kutoboa. Lakini Flipflopi ni plastiki. Mti uliozoea chumvi, tena mkongwe, ukitiwa maji matamu huwahi kuoza, na fundi ajuaye kalafati yetu atakuwa mbali. Shemeji asituwie radhi mbaya; twaona ibaki kwao.

Limebaki la kauli. Chombo ni mali ya urithi kama nyumba na minazi. Madeni ya marehemu hulipwa kwanza, kisha wasia usiopita thuluthi, kisha warithi. Fungu la binti limekadiriwa na sheria, wala masafa ya Sigowet hayalipunguzi. Ndugu wawili hawawezi kuuza kilicho cha wote, wala dada hawezi kuwalazimisha kutumia fedha zao katika matengenezo. Akitaka kuyagharimia yeye, yaandikwe mapema kama ni deni, ni zawadi, au anawanunulia mafungu yao kwa bei ile ile aliyoitaja mnunuzi. Wakishindwa kuafikiana, ibara ya 170 ya Katiba imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya mambo ya mirathi kwa Waislamu walioridhia kwenda mbele yake. Twatumai hawatafika huko.

Kwa sasa awapigie simu nduguze, awaombe mnunuzi angoje hata likizo ya Disemba atakaposhuka pwani. Nasi atuletee picha ya mkuku uliokwisha kufagiliwa mchanga, na kisu kikiwa kimechomwa ndani yake.