Picha Ikikufikia, Ifie Kwako

Mama mpendwa, mwezi huu tuzungumze juu ya simu iliyo mkononi mwa kijana wako.

Tuseme binti wa kidato cha tatu amemtumia mvulana picha yake ya faragha, kwa kumwamini. Mvulana anawapa rafiki zake wawili. Kufika jioni imeenea shule nzima. Vijana wanauita mzaha, lakini sheria haiuiti hivyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na pia kwetu Unguja na Pemba. Kifungu cha 13 kinakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Sheria ilipotungwa, adhabu yake iliwekwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Na kwa Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Si aliyeipiga picha tu. Aliyeipokea akaipeleka mbele naye amesambaza.

Kijana wako akishtakiwa, ipo Mahakama ya Watoto inayotazama umri wake. Wewe mama huna mahakama hiyo. Ukiwatumia jirani zako picha ile, hata kwa nia ya kuwaonya, umeisambaza ukiwa mtu mzima.

Basi habari ikikufikia, fanya hivi:

1. Usiitume wala usimwonyeshe jirani. Iweke simu ile, uipeleke polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Waweza pia kupiga namba 116, ya kusaidia watoto.

2. Kama binti pia ameingiliwa, mpeleke upesi kituo cha Mkono kwa Mkono, Hospitali ya Chake Chake. Asioge kwanza, wala nguo zake zisifuliwe.

3. Usimpige. Mtoto aliyeaibishwa hukaa kimya, hukataa chakula na shule, na mwingine hufikiria kujidhuru. Siku za mwanzo lala naye chumba kimoja.

Nawe mama wa mvulana, usimfiche mwanao wala usiseme "ni utoto tu". Maji yakimwagika hayazoleki, na binti wa mwenzio ndiye anayeyaogelea. Keti naye leo hii, kabla hayajatokea, umwambie: picha ya mwenzako ikikufikia, ifie kwako.