Moyo Mmoja, Vifua Viwili

Leo tuongee kishikwambi na kompyuta mpakato, maana naona hela za vijana wa kamera zinateketea madukani hivi hivi.

Tuanze na nguvu. Asikudanganye mtu kwamba kishikwambi ni simu iliyonenepa. Chipu ya M1 iliyoingia kwenye MacBook Air mwaka 2020 ndiyo hiyo hiyo iliyotiwa kwenye iPad Pro mwaka 2021. Kukata video fupi, kusafisha rangi, kuchora kwa kalamu, mbona kinakwenda kama maji! Programu nazo zipo: DaVinci Resolve iliingia kwenye iPad mwishoni mwa 2022, na Final Cut Pro ikafuata Mei 2023.

Sasa pilipili yake. Kuna kijana mmoja mtaani kwetu, mpiga video za harusi, alinijia na akiba yake yote. "Anko, nataka iPad ya GB 128, nyepesi, naibeba kwapani." Nikamwambia kaa kwanza tupige hesabu. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45. Harusi ya saa tatu ni GB 135. Chombo kimeshajaa na bwana harusi hajakata keki! Tena Final Cut Pro ya iPad ilikuja kukubali mradi ukae kwenye diski ya nje mwaka 2024, toleo la pili. RAM je? Kwenye iPad Pro ile ya M1, ukitaka GB 16 badala ya 8, sharti ununue yenye nafasi ya TB 1 au 2. Bei hapo usiulize.

Halafu joto. iPad haina feni. Ikitoa video ndefu inapata homa, inapunguza mwendo. MacBook Air ya M1 nayo haina feni, kwa hiyo usione neno mpakato ukakimbilia. MacBook Pro ya chipu hiyo hiyo inayo, inapumua.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama kazi yako ni picha na vipande vifupi, chukua kishikwambi. Kama ni harusi, tafuta mpakato yenye feni na RAM ya GB 16, hata mtumba, chenji inunue diski mbili. Video ikipotea, maharusi hawatafunga ndoa upya kwa ajili yako.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.