Nyundo Ikigonga, Bei Ndiyo Kwanza Inaanza

Ukitaka kumuudhi mtu hapa Machakos, mwambie gari alilolinunua mnadani ni ghali. Atakutajia bei ya nyundo papo hapo, kama shahidi aliyeapishwa: "Laki moja na themanini! Nionyeshe mahali pengine utakapopata Peugeot 504 kwa pesa hizo." Na walio karibu wataitikia, maana imani hii haina mpinzani kuanzia Kyumvi hadi Masii: mnadani gari halipigwi bei, linatupwa. Benki ina haraka, serikali ina haraka, na mwenye pesa taslimu mfukoni huokota.

Mimi nasema hakuna anayeokota. Na nasema hasara yenyewe inahesabika kwa kalamu na kipande cha karatasi, ila watu hawataki kuihesabu kwa sababu hesabu hiyo huharibu hadithi tamu.

Zamani imani hii ilihusu magari ya kazi: pikapu ya kubebea maembe, Probox ya kubebea abiria. Siku hizi imehamia kwenye magari ya zamani, na huko ndiko imekuwa hatari zaidi. Gari kuukuu limepata heshima nchini. Tangu 1970 kumekuwa na Concours d'Elegance jijini Nairobi, ambako wenye magari hushindania usafi wa injini na uhalisi wa viti. Tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic yamekuwa yakirudisha barabarani magari ya enzi za Joginder Singh na Shekhar Mehta. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hilo halisahauliwi na mtu yeyote ambaye babake aliwahi kusimama kando ya barabara akimwagiwa vumbi. Basi kijana akiona 504 imeorodheshwa kwenye tangazo la mnada, haoni tena chuma chakavu. Anaona akiba. Anasema magari haya hayatengenezwi tena, kwa hiyo bei itapanda tu. Vivyo hivyo kwa Land Rover zilizotumikia polisi na wizara kwa namba za GK mpaka zikachoka.

Kwamba hayatengenezwi tena ni kweli. Hata taipureta za zamani hazitengenezwi tena.

Tuchukue kalamu. Nitatoa mfano wa kubuni, lakini yeyote aliyewahi kununua hivi atautambua. Tuseme nyundo imegonga kwenye Sh180,000. Hatua ya kwanza ni kusoma herufi ndogo za tangazo: je, bei hiyo ina VAT ndani yake? Kama haina, asilimia 16 ni Sh28,800, na tayari uko kwenye Sh208,800 kabla hujaigusa milango. Ulikuwa na amana na sehemu ya malipo tu, salio likawa bado linatoka Sacco, na Sacco haikopeshi kwa haraka ya dalali. Siku ya mwisho ya kulipa ikapita, na yadi ikaanza kukutoza maegesho. Tuseme ni Sh1,000 kwa siku kwa wiki mbili: Sh14,000. Gari halitembei, kwa hiyo unatafuta lori la kulivuta kutoka Mombasa Road hadi kwenu, Sh15,000 ukiwa na ulimi mzuri. Tairi nne, Sh36,000. Betri, Sh12,000. Fundi anafungua breki, kabureta na rejeta, anakuja na orodha ya Sh60,000, na anakuambia hiyo ni ya kuanzia.

Jumla ni Sh345,800. Kasoro kidogo tu ni mara mbili ya bei uliyowatangazia jamaa. Na hapo bado sijaweka bima, ada ya kubadilisha umiliki, rangi, wala viti vilivyoliwa na panya. Ukiulizwa sokoni gari ulinunua pesa ngapi, utajibu nini? Najua utakachojibu. Utasema laki moja na themanini. Ndivyo imani inavyozaliwa upya kila wiki: wanunuzi wote husimulia bei ya nyundo, na fundi pekee ndiye anayejua iliyobaki.

Hata masharti yenyewe ya mnada yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pesa tayari, wala hayamfai mtu anayetafuta nafuu. Kwanza unaweka amana ili upewe namba ya kupandia dau. Hurudishwa usiponunua, ni kweli, lakini lazima uwe nayo. Katika minada ya forodha, mazoea yamekuwa kutoa asilimia 25 papo hapo nyundo inapogonga na kumaliza salio ndani ya saa 48. Ukishindwa, gari linarudi kwenye orodha na pesa yako inabaki kwao. Kisha kuna ile sentensi moja ambayo ningependa ichapishwe kwa wino mwekundu: gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Maana yake ni kwamba ukifika nyumbani ukakuta injini ina ufa, huna wa kumlilia. Wenzetu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa gunia unalinunua kwa hiari, mbele ya mashahidi, na kutia saini.

Niliwahi kusikia mnunuzi mmoja akimuuliza mlinzi wa yadi, "Mzee, hili linawaka?" Mzee akamjibu kwa upole, "Linawaka, kijana wangu. Kutembea ndiko sijawahi kuliona." Jibu hilo lilikuwa na ukweli kuliko tangazo zima la gazetini.

Lakini tairi na betri ni maumivu madogo. Maumivu makubwa yako kwenye karatasi, na kwa gari la kukusanya, karatasi ni nusu ya gari. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huandikishwa kwa majina mawili, la mkopaji na la mkopeshaji. Mkopo ukishindikana, mkopeshaji hulikamata na kuliuza. Sasa, katika mfumo wa usajili wa magari wa NTSA ulioko eCitizen, uhamisho wa kawaida unataka muuzaji na mnunuzi wote waingie na kukubali. Mwenye gari aliyenyang'anywa usiku barabarani hawezi kuingia kukubali chochote. Mara nyingine yuko mahakamani akitafuta zuio. Kwa hiyo hati za dalali na za benki lazima zisimame mahali pake, na hati moja ikikosekana unabaki na gari lisilo na jina lako. Unaweza kulikalia, kulipiga picha, hata kulipaka nta. Kuliuza kwa bei ya heshima huwezi.

Gari la GK lina shida yake: namba ile haiendi nawe nyumbani, itabidi lisajiliwe upya kama gari la raia. Na gari kuukuu lina shida nyingine ambayo wapenzi wa 504 wanaijua vizuri. Magari haya yameishi kwa kupandikizwa. Injini ya asili ilikufa, fundi akaweka ya Toyota, gari likaendelea kubeba mchanga kwa miaka mingine mingi, na hakuna aliyekwenda kubadilisha rekodi. Siku ya ukaguzi, namba iliyopo kwenye injini haifanani na iliyopo kwenye logibuku. Hapo unapoteza vyote viwili: uhamisho unakwama, na thamani ya ukusanyaji inayeyuka, kwa kuwa mkusanyaji wa kweli hulipia uhalisi kwanza, halafu ndipo aangalie rangi. Umenunua umbo la 504 lenye moyo wa kuazima.

Na soko lenyewe la kuuzia liko wapi? Kwenye Concours watakupa kikombe na makofi, hawatakupa bei. Hapa kwetu wanaolipa vizuri kwa gari la 1975 ni watu wachache wanaojuana kwa majina, na wengi wao wangependa kununua kwa mwenye gari aliyelitunza na kuhifadhi risiti zake tangu siku ya kwanza, wala si kwenye yadi ya kokoto. Bima nayo itakukumbusha umri: kampuni nyingi hukataa kulikingia gari kuukuu hasara zote na kukuachia ile ya lazima ya kufidia wengine. Likiungua, akiba yako imeungua.

Kuna jambo jingine ambalo waumini wa mnada hawalitazami: nani amesimama kando yao. Wale watu wawili watatu walionyamaza nyuma, wenye mafuta chini ya kucha, ni wauza spea wa Kirinyaga Road. Wao hawanunui gari. Wananunua gia boksi, difu, milango minne na taa, na kila kimoja wamekwisha kukipigia bei kichwani. Wanapanda dau mpaka jumla ya vipande vyao, halafu wanakunja mikono. Ukiwashinda hao, maana yake ni moja: umelipa zaidi ya thamani ya kila kitu kilichomo ndani ya gari hilo. Kilichozidi ni mapenzi yako, na mapenzi hayana spea. Sina ugomvi na mapenzi. Anayelitaka gari kwa sababu ndilo lililompeleka shule, alinunue hata kwa milioni. Ninayegombana naye ni yule anayeyaita mapenzi hayo biashara.

Kwamba nyundo si bei, matajiri wa dunia walishaelewa kitambo. Novemba 2023 jijini New York, Ferrari 250 GTO ya 1962 iligongewa nyundo kwenye dola milioni 47. Mnunuzi alilipa dola milioni 51.7. Tofauti hiyo, zaidi ya dola milioni 4.7, ni ada ya nyumba ya mnada tu. Tofauti yao na sisi iko kwenye karatasi: kiwango cha ada kilichapishwa mapema, na kila aliyeinua mkono alijua shilingi yake ya mwisho inaishia wapi. Hapa kwetu nusu ya gharama hugunduliwa baada ya kupeana mikono.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wakenya si watu wa kunyamazia tozo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoleta kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, kati ya Sh5,000 na Sh100,000, nchi nzima ilipaza sauti, na mwishoni mwa Juni mwaka huo mswada wote ukaondolewa. Mtu huyo huyo aliyepinga asilimia 2.5 anakwenda mnadani kujibebesha karibu asilimia mia juu ya nyundo, na anarudi akipiga honi.

Nitaambiwa: lakini fulani alipata. Naam, wapo waliopata. Ukiwachunguza utakuta ni fundi aliyejitengenezea mwenyewe, au mwenye gari la pili linalofanana na hilo ambalo atalichuna spea, au mtu aliyekuwa na pesa zote tayari, akalipa siku hiyo hiyo na kuondoka na hati zake kamili. Watu hao hawakupewa bei rahisi na mnada. Walikuja na vitu ambavyo mimi na wewe tungelazimika kuvinunua: ujuzi, spea na muda. Na kwa kila mmoja wao kuna magari yanayoota nyasi nyuma ya nyumba huko Kangundo na Mwala, ambayo wenyewe hawapendi kuulizwa habari zake.

Simwambii mtu asiende mnadani. Namwambia aende siku za ukaguzi, pamoja na fundi wake, alinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye hati. Atafute pia gari hilo katika sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, aone kama kuna mkopeshaji mwingine anayelidai. Aandike gharama zote, azitoe kwenye kiasi alicho nacho, na kinachobaki ndicho kikomo cha dau lake. Na akumbuke haki ambayo madalali hawaitangazi: chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mauzo hukamilika nyundo inapogonga, na kabla ya hapo kila mtu ana ruhusa ya kuondoa dau lake. Dalali akikukazia macho baada ya "moja, mbili," bado unaweza kusema hapana.

Lakini mzigo wote usiachiwe mnunuzi. Sheria ya Madalali ya 1996 iliunda Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali, na bodi hiyo inajua kwamba tangazo la mnada wa gari linaweza kujaza safu nzima ya gazeti bila kusema kama logibuku ipo. Iwalazimishe madalali kuchapisha mambo manne kando ya kila gari: hali ya logibuku, kama bei ina VAT, ada ya maegesho kwa siku, na hati ambazo mnunuzi atakabidhiwa akimaliza kulipa. Tangazo lisilo na hayo lisiruhusiwe gazetini, na dalali anayerudia kosa anyimwe leseni.