Nafuu ya Mkata Tiketi
Wiki hii, uwanja wa Bole, Addis Ababa, nilimkuta bibi kutoka Tanga kavua viatu, miguu imevimba, pasi za ndege kazifunga kwenye pindo la khanga. Anakwenda Washington kumwona mjukuu, na mbele bado kuna kutua kuongeza mafuta: Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndege hairuki na mafuta yote ya kuvuka Atlantiki. “Mwanangu kapata tiketi ya bei nafuu, baba,” akaniambia kwa fahari. Nafuu ya mkata tiketi, maumivu ya msafiri. Kumzungusha mzee viwanjani ili kuokoa dola ni ubahili tu. Kama hapana budi, mwombeeni kiti cha magurudumu mnapokata tiketi. Kwa kawaida hakilipiwi.