Acheni Kusema "Atapungua Akikua"

Mjini Bariadi, mkoani Simiyu, mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na mapaja ya mikunjo humpatia mama yake pongezi sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya kliniki. "Huyu ana afya," watu husema. Akitokea mmoja wa kuuliza kama kilo hizo hazijazidi, jibu huwa tayari mdomoni: atapungua akikua. Imani hiyo si kweli, na inawaumiza watoto mahali ambapo wazazi wengi hawaangalii kabisa, yaani miguuni.

Ilipotoka napajua. Simiyu ni mkoa wa wakulima na wafugaji; mvua ikikataa Meatu au Maswa, chungu cha Bariadi nacho hutikisika. Bibi zetu walianika viazi vitamu, michembe na matobolwa, kwa sababu njaa waliifahamu. Kwa aliyepita huko, mtoto mnene ni ushahidi kwamba nyumba imeshinda. Udumavu nao haujaondoka: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini hofu ya njaa isitumike kutetea unene. Mtoto anaweza kuwa mfupi kuliko umri wake na mnene papo hapo, kwa sababu alikuzwa kwa uji mtupu, kisha akahamia kwenye soda, maandazi na chipsi. Mizani peke yake haitakwambia hayo.

Tuje kwenye miguu. Unyayo wa mtoto mchanga ni bapa, umejaa mafuta laini, na hilo ni la kawaida. Uvungu wa unyayo hujitokeza polepole, kwa wengi kabla ya kutimiza miaka 10, mifupa inapokomaa na misuli na kano zinapopata nguvu kwa kutembea, kukimbia na kupanda miti. Uzito ukizidi, kila hatua huushindilia uvungu huo kabla haujakomaa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong nchini Australia walichapisha vipimo vya watoto wa umri wa chekechea. Walitaka kujua kama nyayo za watoto wanene huonekana bapa kwa sababu ya mafuta tu. Wakakuta tabaka la mafuta chini ya uvungu halikuwatofautisha na wenzao. Uvungu wenyewe ndio uliokuwa umeshuka. Hao ni watoto ambao shule ya msingi walikuwa hawajaianza.

Mtazame mtoto wa namna hiyo akitembea. Hutanua miguu, huenda polepole, na nyayo zote mbili hukawia chini kwa kuwa kubeba mwili wote kwa mguu mmoja ni kazi nzito. Wengine magoti huanza kugongana, wengine hupata matege. Jioni analalamikia visigino. Kesho yake wenzake wakicheza mpira anakaa pembeni, au anawekwa golini kila siku ili asikimbie. Anakaa, anaongezeka, na kutembea kunamuuma zaidi. Tunamwita mvivu, tunamwita bonge mbele ya darasa zima. Mtoto huyo anaumwa, na jina tulilompa linamwondoa uwanjani kabisa.

Kuna jambo moja ningependa kila mzazi alishike. Katika umri wa kubalehe, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye nyonga, na uzito mkubwa ni miongoni mwa vinavyochochea hali hiyo. Maumivu yake mara nyingi husikika gotini, hivyo goti ndilo linalochuliwa na kupakwa dawa huku nyonga ikiendelea kuharibika. Huku Kanda ya Ziwa mtoto akililia mifupa tunaiwaza sikoseli, na kumpima ni sawa. Lakini kijana mnene wa miaka 12 anayechechemea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apigwe picha ya nyonga, na asiukanyagie mguu huo njiani.

Chakula si chanzo pekee. Tumekufanya kutembea kuwe alama ya umaskini. Kijijini Itilima mtoto huenda shule kwa mwendo mrefu, na dhiki hiyo siisifu. Mjini tumekimbilia upande wa pili: baba akiuza pamba na kununua pikipiki, heshima ya kwanza ni mtoto kutokanyaga tena vumbi, hata kama shule iko mwendo wa robo saa. Shuleni kipindi cha michezo kinageuzwa cha marudio, jioni ni tuisheni, usiku ni televisheni. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mzazi, zihesabu za mwanao wiki hii.

Wapo watakaosema unene wa watoto ni ugonjwa wa Dar es Salaam na Ulaya. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba mwaka 2022 zaidi ya watoto na vijana milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 duniani walikuwa na uzito uliozidi. Lami iliyotuletea mabasi ya Mwanza kupitia Lamadi imeleta pia kreti za soda.

Hoja moja ya wazazi naikubali bila ubishi: barabara zetu zinaua. Malori na bodaboda hayamhurumii mtoto anayetembea pembezoni. Basi tuidai halmashauri njia za waenda kwa miguu kuzunguka shule, kwani mkoa ulioandaa viwanja vya Nyakabindi na kupokea Nanenane ya kitaifa mwaka 2018 hauwezi kushindwa na njia ya mita mia chache. Walimu wakuu warudishe kipindi cha michezo, na mtoto mnene apewe nafasi ya kucheza kama wenzake, kwa kasi anayoiweza. Nasi nyumbani tuondoe soda kwenye mfuko wa shule, tuweke maji na karanga, na jioni tutoke naye, tutembee kwa mwendo wake.