Bruxelles: sanamu ya Storms imeondolewa bustanini, fuvu la chifu Lusinga bado halijarudi

Anayeshuka kwenye kituo cha metro cha Porte de Namur, mjini Bruxelles, anaweza kuzunguka bustani ndogo za eneo hilo kwa miguu katika muda wa saa moja hivi. Mwendo si mrefu, lakini kwa Mkongomani, hasa wa mashariki, unapita juu ya deni ambalo Ubeljiji haijamaliza kulilipa.

Mwanzo ni Square Lumumba, mlangoni mwa Matonge. Jina hilo lilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, baada ya madai ya miaka mingi. Ni kona ya njia tu, yenye kibao na watu wanaongoja basi. Anayetaka miti na kiti cha kupumzika avuke boulevard, aingie bustani ya Egmont, iliyojificha nyuma ya majengo. Katika jumba linalopakana nayo, Palais d'Egmont, ndimo familia ya Patrice Lumumba ilimopokea jino lake tarehe 20 Juni 2022, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake.

Ukielekea place du Trône, kando ya bustani ya ikulu, unakutana na Leopold wa Pili juu ya farasi. Maandishi yaliyo pale yanasema shaba na bati ya sanamu hiyo vilitoka Kongo, vikatolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Mtu wa Kolwezi au Likasi atalisoma mara mbili neno hilo, bure.

Dakika chache mbele ni Square de Meeûs, ambako wafanyakazi wa ofisi za Ulaya hula chakula cha mchana chini ya miti. Hapo ilisimama kwa miaka mingi sanamu ya jenerali Émile Storms, yule aliyeanzisha kituo cha Mpala, kwenye ziwa Tanganyika, mwaka 1883. Desemba 1884, watu aliowatuma walishambulia kijiji cha chifu Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Storms alilipeleka fuvu hilo Ubeljiji. Sanamu yake iliondolewa Juni 2022, mwezi ule ule wa jino la Lumumba.

Fuvu lenyewe lilibaki. Tangu 1964 liko mikononi mwa taasisi ya sayansi ya asili, robo saa kutoka hapo kwa miguu. Sheria ya Julai 2022 kuhusu kurudisha mali za wakati wa ukoloni haikugusa mabaki ya binadamu.

Tofauti ya kesi hizi mbili inaeleweka, ingawa si ya haki. Jino lilikuwa mikononi mwa mahakama, na watoto wa Lumumba walikuwa na jina linalojulikana dunia nzima. Wazao wa Lusinga ni watu wa kawaida. Kuondoa sanamu kunahitaji fundi na gari. Kurudisha fuvu kunahitaji serikali ya Kinshasa ilidai kwa sauti, na Bruxelles ikubali kwamba ni mtu, si kitu cha maktaba.

Taasisi hiyo inapakana na Parc Léopold, bustani nzuri yenye bwawa na miti mikubwa. Watoto wa shule huipita wakienda kuona mifupa ya iguanodoni wa Bernissart. Fuvu la Lusinga halioneshwi, liko stoo.